K Tatu za Pipi

Machi 3, Jumatatu

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na mimi nimeanza kuandika saa nne na robo. Aliyeniambia niandike ni Mama Viungo, yule mama wa hospitali anayekuja kila Jumatatu kumnyoosha Dada mkono na mguu. Aliponipigia simu mara ya kwanza akasema yeye ni mtaalamu wa viungo, nikamwambia asijisumbue, iliki na mdalasini tunavyo tele. Kumbe viungo vya mwili. Leo amenipa amri: "Mzee, andika kila siku mgonjwa amefanya nini." Basi naandika. Kalamu mimi si mgeni nayo. Nimesoma mpaka darasa la sita, na wakati ule darasa la sita lilikuwa darasa la sita, si haya ya kubandika bandika.

Mgonjwa ni dada yangu mkubwa. Hii ni wiki ya saba tangu kiharusi kimpige. Upande wa kulia wote umelala. Kusema hasemi. Kusikia anasikia, tena kuliko mimi. Lakini amegeukia ukuta, na uji wangu anaupokea vijiko vitatu tu, kisha anafunga mdomo kama dirisha la ofisi saa tisa na dakika moja.

Na mkono ule wa kulia, jamani! Ndio uliooka biskuti za mtaa huu zaidi ya miaka hamsini, biskuti za siagi ya karanga zenye pipi za rangi ndani, mpaka watu wakamwita Mama Biskuti na kusahau jina alilopewa na wazazi wetu. Ndio pia ulionilea kwa makonzi. Nikichovya kidole kwenye bakuli, ko! utosini. Nikisema uongo, ko! Leo nina kipara na watu wanadhani ni umri.

Mchana binti yake amepiga simu. Yeye anakaa mji mwingine, safari ya siku nzima. "Mjomba," akasema, "nakupa mpaka mvua ziishe. Mama akiweza kushika kijiko na kujilisha mwenyewe, atabaki kwake. Asipoweza, namchukua aje kwangu, na nyumba tunaifunga."

Kwake ni ghorofa ya nne. Mwenyewe anashinda kazini, na jiko lake lina vitufe kama redio. Dada atatazama ukuta wa kukodi.

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimepikia manahodha wa mataifa saba. Mama yako mmoja atanishinda?"

Akakata simu. 

Machi 4

Mvua. Uji vijiko vitatu. Ukuta umeshinda.

Machi 5

Vilevile.

Machi 6

Vijiko viwili. Nimeutazama huo ukuta na mimi nione una nini. Una ufa unaofanana na bata.

Machi 8, Jumamosi

Fundi cherehani wa nyumba ya pili amekuja kumwona Dada. Huyu mama ana ulimi mkali kuliko mkasi wake. Huniita Nahodha kwa kunikejeli. Nimeamua kuipokea kama cheo.

"Nahodha, mtaa mzima unalilia biskuti. Watu wanakunywa chai kavu kama wako kizuizini. Hakuna wa kuzioka?"

"Yupo. Unamtazama."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Wewe? Wewe juzi uliunguza maji!"

Si kweli. Nilisahau sufuria mpaka maji yakaisha. Huko si kuunguza maji, ni kuyakausha.

"Fundi, mimi nimeoka mikate meli ikiwa imelala ubavu. Biskuti ni kazi ya mkono mmoja."

"Basi oka. Ukituua, tutakuandama na marehemu wetu."

Alipoondoka nikapekua kabati mpaka nikalipata lile daftari la ganda la kijani. Mwandiko ni wangu mwenyewe. Nilikuwa likizo mwaka ule mpwa wangu alipopata kazi mbali, akataka maelezo ya biskuti aende nayo. Dada hakwenda shule, kwa hiyo alisema yeye nikaandika mimi. Ila redioni kulikuwa na mpira, nusu fainali, na nilikuwa na haraka. Mpwa mwenyewe akalisahau daftari mezani. Nanakili kama yalivyo:

Siagi ya karanga k 1
Siagi k nusu
Sukari k 1
Yai 1
Unga k 1
Magadi k 1
Chumvi k nusu
Pipi k 3
Changanya, oka, usipitwe.

Usipitwe na nini, sikuandika. Nadhani hapo goli liliingia.

Machi 9, Jumapili

K ni kilo. Melini kila kitu tulipima kwa kilo, na mtu aliyesafiri hawezi kufikiri kidogo.

Nimetia siagi ya karanga kilo moja, sukari kilo moja, unga kilo moja. Yai moja likapotea humo kama mtu aliyekosea harusi. Magadi dukani yalikuwepo pakiti sita tu. Nikatia zote nikasema Mungu anaijua nia yangu. Chumvi nusu kilo. Pipi kilo tatu hakuna duka linazo, nikanunua zilizokuwepo nikamwaga.

Yaliyotoka kwenye tanuri yalikuwa meusi, yananuka sabuni, na yalikuwa yamevimba yakashika mlango. Fundi akaonja kidogo kwa ncha ya ulimi, akasema, "Nahodha, nilikuwa najisifu umri wangu. Leo ndiyo nimekula chumvi nyingi."

Lakini kubwa si hilo. Moshi ulipoingia chumbani, Dada aligeuka. Aliuacha ukuta, akageuza shingo yake mwenyewe, akanitazama mlangoni nilipokuwa nimesimama na trei. Macho yale! Mara ya mwisho kutazamwa vile nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimekalia biskuti za kuuza.

Nilitaka kucheza.

Machi 10

Mama Viungo: "Amegeuka mwenyewe? Kwa nini?"

"Kwa hasira."

"Hasira si mbaya, inaamsha mwili. Ulimkasirisha na nini?"

"Kuoka."

"Endelea."

Kwa hiyo sasa natia aibu kwa amri ya daktari.

Machi 15, Jumamosi

Nimefikiri wiki nzima. K si kilo. K ni kijiko! Nimetia kijiko kimoja cha hiki, kijiko kimoja cha kile, na yai moja zima. Safari hii yai ndilo lilikuwa na harusi na vingine vyote vilikuwa wageni. Katikati ya kazi nimemwaga unga, wa kweli, si wa kazini, kwa sababu kazini nilishastaafu.

Zimetoka biskuti nne, ndogo, ngumu, zinateleza. Fundi akazipanga kiganjani. "Hivi vifungo ni vya shati la nani?"

Dada nimemweka kwenye kiti chenye mikono, mlangoni pa jiko, aone. Amekubali kukaa. Nadhani amekubali ili anichukie kwa karibu. Uji vijiko sita.

Machi 17

Uji vijiko saba. Mama Viungo ameleta mpira wa sponji, Dada aufumbe mkononi na kuufumbua. Dada ameutazama kana kwamba ameletewa chura.

Machi 22, Jumamosi

Mvua imepiga siku tano bila kupumua. Paa linavuja juu ya kitanda cha Dada, nimesogeza kitanda na kuweka ndoo. Ndoo inasema ko, ko, ko.

Nikamwambia, "Dada, ndoo inakuiga."

Akafumba macho, lakini mdomo, upande ule mzima, ulicheza kidogo. Au ni mimi niliyetaka ucheze.

Machi 29, Jumamosi

Leo nimetumia akili ya darasa la sita. Kitu kikubwa ni kikombe, kitu kidogo ni kijiko. Unga kikombe, magadi kijiko. Nikachukua kikombe changu cha meli, kile kinachoingia chai ya watu watatu, nikaanza kuchota. Dada akatoa pumzi puani. Nikamtazama. Macho yake yakaenda ukutani juu ya meza, yakarudi kwangu, yakaenda tena. Juu ya meza kuna msumari, na kwenye msumari kimening'inia kikombe chake cha bati cha buluu, kilichobanduka rangi mdomoni.

"Hiki?"

Akainamisha kichwa. Jamani, aliinamisha kichwa! Ndiyo! Wiki kumi hakuna ndiyo wala hapana, na leo ndiyo imekuja kwa ajili ya kikombe.

Basi nikauliza kimoja kimoja kama karani wa mahakama. Siagi ya karanga, kikombe? Ndiyo. Magadi, kijiko? Ndiyo. Cha chai au cha kugawia mchuzi? Hapo akanitazama tu, nikaelewa swali lilikuwa la kijinga. Chumvi, nusu kijiko? Ndiyo.

"Pipi, vikombe vitatu?"

Akatikisa kichwa. Hapana.

"Vijiko vitatu?"

Hapana.

"Kilo tatu?"

Akafumba macho, kichwa akakiegemeza kwenye kiti. Alikuwa amechoka. Nami nikamwacha, maana nilikuwa nalia na sikutaka aone.

Aprili 5

Biskuti zimeshika. Duara, za dhahabu, katikati laini. Nimetia pipi vikombe vitatu maana sikuwa na la kufanya. Zimeyeyuka zikafanya ziwa la rangi, biskuti zikabaki visiwa. Fundi: "Unga ni wa Mama Biskuti. Juu ni wa mchoraji mlevi."

Aprili 12

Pipi vijiko vitatu. Biskuti imekuwa kavu na ya huzuni. Dada kainusa, kageuza uso. Hata hivyo uji bakuli zima, nikimlisha mimi. Mkono wa kulia umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishikilie.

Aprili 19, Jumamosi

Naandika kwa sababu nikilala bila kuandika nitapasuka.

Asubuhi mvua ilikatika kidogo. Nikatia trei kwenye tanuri, nikamwacha Dada kwenye kiti chake, nikatoka nje uani kumwaga maji ya ndoo. Fundi alikuwa anaanika vitambaa upande wake wa ua. Akaniuliza jambo kuhusu bahari. Najua aliuliza kwa kunichokoza, lakini mimi ukiniuliza bahari ni kama umefungua bomba. Nikapiga chuku weee. Nikamsimulia dhoruba, nikamsimulia nahodha aliyelia kwa utamu wa mchuzi wangu, nikafika mahali malkia fulani alituma mtu kuniulizia, ndipo Fundi akanusa. "Nahodha, moshi."

Nilipofika, Dada alikuwa sakafuni. Alikuwa ameona moshi, akaita kwa sauti asiyokuwa nayo, akaamua kusimama akaokoe trei. Dada yangu, kwa mguu mmoja! Alikuwa amefika hatua mbili. Paji la uso limepasuka, damu imeingia jichoni, na mkono wa kushoto umenyooka kuelekea tanuri.

Usipitwe. Nimelijua leo. Alikuwa ananiambia usipitwe na wakati wa kutoa trei, na mimi nilikuwa nasikiliza mpira.

Fundi alimfunga jeraha, mikono yake haikutetemeka hata kidogo, na hakunitania, jambo lililonitisha kuliko damu. Tukampandisha kitandani. Fundi akaondoka. Mimi nikakaa sakafuni karibu na kitanda, kipande cha biskuti iliyoungua bado kiko mfukoni, sijui kiliingiaje.

Nikasema, "Dada, mimi sikuwa mpishi."

Akanitazama.

"Miaka kumi na tisa melini nilimenya viazi. Viazi na vitunguu. Siku moja mpishi aliugua, wakaniambia nimkaangie nahodha yai. Akalirudisha. Akaandika karatasi, 'Hili ni nini?' Ile karatasi ninayo mpaka leo, Dada. Zile barua nilizokuandikia, ukasomewa na watu, za manahodha kulia kwa mchuzi wangu, ni uongo mtupu. Kilicholiza ni vitunguu, na aliyelia ni mimi."

Nilidhani ataugeukia ukuta. Badala yake kifua kikaanza kutikisika. Nikaruka nikidhani ni degedege, nikaita Fundi! Kumbe anacheka. Sauti ilitoka upande mmoja wa mdomo, nzito, kama mlango wa ghala ambao haujafunguliwa siku nyingi, lakini ni cheko la dada yangu, lile lile. Machozi yakachanganyika na damu iliyobaki. Nami nikacheka. Fundi akafika mbio, akatukuta hivyo, akasema, "Mmepatwa wote wawili?"

Aprili 20

Nimempigia mpwa nikamweleza yote, la moshi na la kuanguka. Ningeweza kulipamba. Sikulipamba.

Akasema, "Mjomba, mvua ziishe zisiishe, nakuja Jumamosi ya tarehe kumi na saba Mei. Nakuja na gari la kumbeba."

"Sawa, mwanangu."

"Husemi kitu?"

"Nimesema mengi mno jana."

Dada alisikia. Hakugeukia ukuta. Alitazama msumari na kikombe chake cha buluu, muda mrefu.

Aprili 21

Jambo hili nalijua tangu utoto ila leo ndiyo limenikaa. Nilipokuwa naanza shule, Dada aliuza biskuti kwenye sinia mlangoni pa shule yenyewe. Alisikia tukikariri herufi ndani, yeye yuko nje. Biskuti ndizo zilizonifikisha darasa la sita, na darasa la sita ndilo lililokwenda likaandika k, k, k, kwa uvivu, maneno ya mtu aliyenilipia kalamu.

Aprili 28

Mama Viungo amesema kidole cha shahada cha kulia kimecheza. Mimi sikukiona. Nimekitazama mpaka jioni kama mtu anayesubiri sufuria ichemke.

Mei 5

Mpira wa sponji bado ni chura. Mama Viungo akanivuta pembeni: "Mzee, mtu hafumbi mkono kwa sababu ameambiwa afumbe. Anafumba ili ashike kitu anachokitaka. Anataka nini?"

Nikasema, "Anataka niache kuoka."

Akacheka, lakini mimi nilikuwa nusu nasema kweli.

Mei 10

Nimeoka bila pipi kabisa. Fundi kala tatu kisha akasema, "Ni kama gauni zuri lisilo na mikono." Siku saba zimebaki.

Mei 12

Mvua ndogo. Uji, yai, nusu ndizi, vyote kwa mkono wangu. Kijiko nikimwekea kinaanguka.

Mei 15, Alhamisi

Nimeshindwa kukaa. 

Asubuhi nilimweka Dada mlangoni pa jiko kama kawaida. Nikatengeneza unga wa biskuti, nikaufikisha kwenye pipi, nikasimama. Bakuli la pipi mbele yangu, nyekundu, kijani, manjano, zinanicheka. Nikasema leo hatoki mtu hapa mpaka k hii ivuliwe nguo.

"Dada, si kikombe?"

Hapana.

"Si kijiko, si kilo. Kopo?"

Hapana.

"Kata? Kisahani? Kifuniko? Kibaba?"

Hapana, hapana, hapana, hapana.

"Kiganja!" Nikanyoosha kiganja wazi, nikajiona nimeshinda dunia.

Akasita. Akakitazama kiganja changu, akatikisa kichwa polepole, kama anayesema umekaribia, mpumbavu.

"Kapu? Karai? Kiatu? Kofia? Dada, maneno ya k yameniishia, nimebakiwa na kaburi!"

Nikapiga ngumi meza, bakuli likaruka, pipi moja ikadondoka ikabingirika mpaka chini ya kiti chake. Nikapiga magoti niiokote. Kichwa changu kilikuwa usawa wa paja lake, kipara kimeelekea juu.

Ko.

Si ko ya zamani. Ilikuwa nyepesi kama tone la ndoo. Nikadhani paa limeanza kuvuja na huku. Nikagusa kichwa, kikavu.

Ko.

Nikainua macho. Mkono wa kulia, jamani, ule uliolala, ulikuwa juu ya kichwa changu, umefumbwa ngumi, unatetemeka kama unabeba ndoo ya maji.

"Dada, unanipiga konzi? Nimekosa nini tena?"

Hakuushusha. Akausogeza mbele ya uso wangu, umefumbwa vile vile, akanikodolea macho. Akautikisa. Kisha akatazama bakuli la pipi.

Konzi!

Nikakaa chini sakafuni pwaa. Mama yetu alipima mchele kwa konzi: unatia mkono, unafumba, kilichobaki ndani ya ngumi ndicho kipimo, kinachomwagika si chako. Mtu mmoja konzi moja, na mgeni nusu konzi. Nililisikia neno hilo utoto wangu wote jikoni, lakini mimi nikalijua konzi kwa kichwa tu, sikulijua kwa mkono. Pipi k 3. Pipi makonzi matatu!

Nikachota kwa ngumi yangu, Dada akatikisa kichwa kwa nguvu. Nikautazama mkono wangu wa kumenya viazi, mkubwa kama mkate, nikautazama wake, mdogo. Nikaelewa. Kipimo hiki hakimo kwenye daftari wala kabatini. Kiko mwisho wa mkono wake, basi.

Nikamletea bakuli mapajani. Akaingiza mkono. Ilichukua muda, sijui, nilisahau kupumua. Vidole vikafumba. Zilipotoka zilikuwa pipi tatu na nusu, na vidole vikakataa kufumbuka, rangi zikamyeyukia kiganjani mpaka ikaonekana kama ameshika upinde wa mvua akaukamua. Nikambembeleza kidole kimoja kimoja.

Tumefanya mara tano. Konzi la tano, pipi saba.

Fundi alipoambiwa akaniinamia akanipiga konzi na yeye. "Hilo ni la Mama Biskuti akiwa amechoka. Namsaidia."

Mei 16

Makonzi ishirini na mawili. Kijiko bado kinaanguka. Pipi haianguki. Kesho.

Mei 17, Jumamosi

Gari lilifika saa sita, baada ya kusafiri usiku kucha, mvua ikiwa manyunyu. Mpwa wangu aliingia na sanduku tupu la kupakia nguo za mama yake. Alipomwona kwenye kiti na alama ya jeraha kwenye paji, akapiga magoti akamkumbatia, na alipoinuka hakunitazama.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, tunaoka."

"Mjomba, dereva anasubiri."

"Na yeye atakula. Kaa."

Nilikuwa nimejiandalia hotuba ya kurasa mbili. Nikaimeza. Nikaleta bakuli kubwa la unga nikaliweka kwenye kigoda upande mmoja wa Dada, na bakuli la pipi mapajani mwake. Kisha nikanyamaza, na Fundi aliyekuwa dirishani anasema ni mara ya kwanza tangu anijue.

Dada aliingiza mkono wa kulia kwenye pipi. Mpwa akaweka sanduku chini. Vidole vikafumba. Mkono ukapanda, ukayumba, ukavuka hewani kati ya bakuli na bakuli, njia ndefu kuliko safari zangu zote, ukasimama juu ya unga. Haukufumbuka. Dada akavuta pumzi, jasho likamtoka, vidole vimegoma.

Nilitaka kwenda. Mpwa alinitangulia. Alipiga magoti, akaushika ule mkono, akaanza kufumbua kidole kimoja kimoja, taratibu, na nikamwona anakumbuka. Alipokuwa mdogo aliiba pipi za biskuti, na Dada ndivyo alivyokuwa akimfumbua vidole, hivi hivi, mpaka iliyofichwa ikaonekana. Pipi zikadondoka kwenye unga.

"Moja," mpwa akasema.

Konzi la pili alifumbua vidole viwili tu, vingine vikafuata.

Konzi la tatu hakugusa mtu. Dada aliushikilia mkono juu ya unga, akautazama kama alivyokuwa akinitazama mimi, na ukafumbuka wenyewe. Nadhani uliogopa.

Nilioka nikiwa nimesimama mbele ya tanuri dakika kumi na mbili, sikugeuka hata dereva aliponisalimu. Sikupitwa. Zilitoka za dhahabu, kila moja na pipi zake kama taa za sherehe. Dereva alikula nne akasahau alikuwa na haraka.

Yenye pipi nyingi nilimwekea Dada kwenye kisahani. Nilikuwa nimeinua mkono nimlishe. Akaniangalia. Nikaushusha. Akaishika kwa mkono wa kulia, kwa ngumi yote, nusu ikavunjika, nusu ikafika mdomoni. Akatafuna. Sisi tunatazama midomo yake kama watu wanaosubiri hukumu.

"Ndi," akasema.

Sote tukaruka. Lilikuwa neno, au kipande chake.

"Ndi..." akasema tena Dada. "Ndi... zo."

Ndizo. Ndizo zenyewe!

Mpwa alikuwa analia wazi wazi, pua na yote. Lakini ni mtoto wa mama yake, hasahau sharti. Akajifuta, akasema, "Mjomba, mimi nilisema kijiko."

"Mwanangu," nikamwambia, "k ni k."

Akacheka. Mama yake akacheka upande ule mmoja. Mpwa akaenda nje akamwambia dereva kwamba sanduku litarudi tupu, na yeye atabaki hapa mpaka Jumatano, ajifunze.

Mei 18, Jumapili

Jua. Ndoo imenyamaza. Fundi ameleta viti viwili kutoka kwake, maana watu wameanza kuja na vikombe vyao vya chai.

Asubuhi nimelichukua lile daftari la kijani, nikakaa karibu na Dada, nikaandika upya huku nikimsomea kila mstari na yeye akiitikia kwa kichwa. Kikombe nimeandika kikombe. Kijiko nimeandika kijiko. Hakuna redio. Nilipofika kwenye pipi nimeandika: makonzi matatu, ya Dada mwenyewe, mtu mwingine asithubutu.

Nikamwuliza kama nimepatia.

Ko.